Pete Yenye Mtoto wa Jicho

Kwetu Kibiti, begi la bwana harusi hufunguliwa na shangazi wa bibi harusi mbele ya wanawake wote, kitu kimoja kimoja, nao hushangilia au huzomea. Bibi harusi hukaa chumbani, mdomo kufuli. Begi likirudishwa, hakuna ndoa tena.

Badru, mchumba wangu wa Kiongoroni, aliniahidi pete ya dhahabu. Nikachungulia penye pazia, roho juu. Kanga zikapita, viatu vikapita, kisha shangazi Hadija akainua pete kuukuu ya fedha, jiwe lake jeupe lenye ukungu.

"Jamani, pete ina mtoto wa jicho!" Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. "Habiba wetu havishwi makuukuu. Begi lirudi Kiongoroni!"

Sisemi uongo, hata mimi nilikasirika. Nilikuwa radhi lirudi.

Mama yake Badru, Bi Mwanabaraka, ndiye aliyelileta. "Hilo ni jiwe la mwezi," alisema taratibu. "Bibi yake marehemu mume wangu alivishwa na mumewe, na marehemu akanivisha mimi. Akaniambia, 'Ligeuze kwenye mwanga uone nuru inavyotembea ndani. Nikiwa mikokoni nakata boriti, litazame, ujue nakukumbuka.' Tangu afe nalitazama kila siku."

Akanyoosha mkono arudishiwe pete yake. Hapo nikakiona kidole: kimevimba, kimechubuka, na pete ilipokaa miaka yote pamebonyea. Aliivua asubuhi ile ile, kwa sabuni na kwa nguvu, ili nivae mimi, mtu ambaye alikuwa hajamzoea hata kidogo.

Haya ilinishika. Nikatoka chumbani, mbele ya kadamnasi.

"We Habiba, umerogwa?" shangazi aling'aka. "Mwari anatoka?"

"Nipe pete yangu, shangazi."

Nikaivaa wote wakiona, nikapiga magoti mbele ya Bi Mwanabaraka. "Ahsante, mama. Mungu akulipe, maana mimi sitaweza." Nilishukuru kwa moyo wangu wote, na mpaka leo nashukuru kwamba sikukaa kimya.

Alicheka huku machozi yanamtoka, akikisugua kile kidole. "Kinaona baridi, mwanangu."

Nikaushika mkono wake kwa mikono yangu miwili. Shangazi aliponiamuru nirudi ndani, sikuuachia. Nikaingia naye.