Taya la Fundi Cherehani

Hivi wewe umeshawahi kumwona fundi cherehani mwenye mkasi mezani, tena mkali, akikata uzi kwa meno? Basi fundi wetu ndivyo alivyokuwa, na mkewe alimsema mpaka akachoka: "Baba watoto, hayo meno si ya dukani. Yakiisha yameisha!"

Kwa hiyo taya lilipovimba upande wa kushoto, na kidevu kikafa ganzi hata chai ikimchuruzika hana habari, nyumba nzima ilitoa hukumu: uzi huo! Akang'olewa jino. Jino lenyewe zima, halina hata tundu. Uvimbe ukabaki palepale.

Daktari wa meno akapiga picha, akachukua na kipande cha mfupa kikapimwe. Siku ya majibu fundi aliingia na mkewe pamoja na binti yao mkubwa.

"Mzee wangu," daktari akasema, "hii ni saratani, ila haikuanzia mdomoni. Imesafiri. Kwa wanaume wa umri wako mara nyingi hutoka kwenye tezi dume. Mkojo unatoka vizuri?"

Binti akacheka, kicheko cha woga. "Daktari, sisi tumeleta taya!"

"Unatoka," fundi akajibu, macho kwenye viatu.

Wapi! Mwaka mzima alikuwa akisimama chooni kungoja matone, kiuno kinamwaka moto, kisha anamwambia mkewe ni kile kiti cha cherehani. Mara nyingi alitaka kumwambia ukweli. Neno likifika kooni, linarudi. Mficha maradhi kifo humuumbua, hilo alilijua. Lakini mambo ya chooni atayatamkaje mbele ya mtoto aliyemfundisha kutembea?

Daktari hakumharakisha. "Ikishaingia mfupani hatuwezi kuimaliza, sitakudanganya. Lakini dawa za kuipunguza kasi zipo, na maumivu yanatulizwa. Nikijua pa kuanzia, hatutapoteza muda."

Fundi akainua macho, akamtazama binti yake. "Mwanangu, hebu tupishe kidogo."

Binti akatoka, akarudishia mlango. Fundi akamgeukia mkewe, wala si daktari.

"Mama watoto, mkojo unanitesa tangu mwaka jana. Na damu nimeiona. Nilitaka kukwambia, nikaona haya. Sasa naogopa. Huko kwenye vipimo nataka twende wote, usiniache peke yangu."