Shemeji wa Mbweha

Pale machinjioni walimwita Shemeji wa Mbweha, na jina hilo alilipata kwa haki. Hakuna mchinjaji aliyekuwa mkali kuhusu usafi wa nyama kama yeye. Akipasua kondoo na kukuta ini lina vifuko vya maji, vyeupe, vimetuna kama macho ya samaki aliyepikwa, habembelezwi. Ini hilo haliuzwi, wala haliendi nyumbani kwa mtu. Alilibeba hadi ukuta wa nyuma, akapiga mluzi mmoja mrefu, akalirusha vichakani. Mbweha waliutii mluzi ule kuliko watoto wake walivyowahi kuutii.

"Binadamu wasile, wacha wenye pori wale," alikuwa akisema huku akinawa mikono. Tenda wema nenda zako.

Ila wema wake haukwenda mbali. Ulizunguka ukuta, ukarudi nyumbani kwake kwa mlango wa uani.

Mkewe alikuwa na kibustani cha karoti karibu na vichaka vile. Akisikia njaa, aling'oa moja, akaifuta kwenye sketi, akatafuna. Mwaka juzi ubavu wake wa kulia ulianza kuuma, kisha ukavimba, na wapasuaji wakatoa kwenye ini lake kifuko cha maji kikubwa kama chungwa. Walipomweleza mchinjaji kilivyofanana, hakuomba kuonyeshwa. Vya namna hiyo alikuwa amevishika maisha yake yote.

Daktari wa mifugo, binti mwembamba aliyevaa buti kubwa kumshinda, ndiye aliyemfafanulia.

"Baba, mbweha akila lile ini, minyoo ya tegu inakua tumboni mwake. Yeye mwenyewe wala haumwi. Mayai yanatoka na kinyesi, yanabaki kwenye majani, kwenye udongo, kwenye karoti. Kondoo akiyameza anaota vifuko. Mtu naye vilevile."

"Kwa hiyo ni mimi."

"Ni tegu, baba. Wewe ulimfungulia mlango bila kujua. Sasa tuufunge."

Wakaufunga. Likachimbwa shimo lenye mfuniko mzito, na kila ini bovu likachomwa humo. Lakini mbweha walikuwa na minyoo tayari, kwa hiyo daktari akafinyanga chambo cha unga wa samaki, mafuta na dawa, akakitawanya vichakani. Kunguru wakala wakashiba, sisimizi wakahamisha makombo. Mbweha hawakugusa. Daktari aliokota kinyesi chao, akakipima, akakuta mayai kama kawaida.

"Hongera, daktari," mchuna ngozi alimtania. "Umefuga kunguru wasio na minyoo!"

Binti alicheka, lakini machozi yalimlengalenga. Mchinjaji alimwona, na moyo ukamuuma. Tangu mkewe apasuliwe alikuwa ameapa kwamba mluzi ule hautatoka tena kinywani mwake.

"Mwanangu," alisema akitazama chini, "hawa hawaokotiokoti. Mimi niliwadekeza. Wamezoea kuitwa."

Akavaa glavu, akachukua ndoo ya chambo, akaenda ukutani na kupiga mluzi. Vichaka vikatikisika.

Ikawa ndiyo kazi yake ya kila mwezi, na kinyesi cha mbweha kikazidi kuwa safi. Wote pale machinjioni walifurahi. Yeye alifurahi nusu. Ile nusu nyingine ilikuwa kwenye ini la mkewe, kwa sababu walishaambiwa vifuko vinaweza kurudi hata akimeza dawa zake zote, na vikirudi ni kisu tena.

Siku ya picha ya tumbo walikaa kwenye benchi la hospitali, bega kwa bega.

"Unaogopa?" mchinjaji alimuuliza mkewe.

"Naogopa huo uso wako. Ungekuwa kioo, ningejiona nimeshazikwa."

Akaitwa. Mchinjaji akabaki amepakata mkoba wa mkewe, anaubonyeza kama anayepima mbuzi wa kununua. Alijaribu kuomba, maneno hayakuja. Alichoweza kusema ni "tafadhali" tu, mara nyingi, kimoyomoyo.

Mlango ukafunguliwa. Mkewe alitoka akifunga vifungo vya blauzi, na nyuma yake daktari wa picha.

"Mzee, ini ni safi. Kuna kovu tu pale alipopasuliwa. Dawa zimefanya kazi."

Mchinjaji alisimama ghafla, mkoba ukaanguka, na karoti moja ikabingirika hadi kwenye viatu vya daktari. Daktari aliitazama karoti, akamtazama mgonjwa.

"Imeoshwa!" mchinjaji alipaza sauti, ukumbi mzima ukageuka.

"Kaiosha yeye," mkewe alisema. "Siku hizi anaziogesha karoti kama watoto wachanga. Imebaki kuzipaka poda."

Watu wakacheka, naye mchinjaji akacheka hadi akalazimika kukaa tena, akajifuta macho kwa kiganja, bila kumficha mtu.

Jioni hiyo ilikuwa zamu ya chambo. Mkewe, ambaye hakuwahi kukanyaga pale ukutani tangu augue, alimfuata.

"Huwachukii?" mchinjaji aliuliza.

"Niwachukie kwa lipi? Walikula walichopewa." Akakunja midomo, akajaribu mluzi. Ukatoka upepo mtupu. "Haya, waite wewe, watu wako."

Akawaita. Alitangulia mama mbweha, masikio wima, na nyuma yake mtoto mmoja mwenye mkia mwembamba. Mtoto akanusa kipande cha chambo, akasitasita.

"Wewe si ndiye shemeji yao?" mkewe alinong'ona. "Basi hao ni ndugu zangu mimi." Akaegemea ukuta, akamwinamia yule mdogo kwa mbali. "Meza, mdogo wangu. Dawa ni chungu, lakini kisu kinauma zaidi."

Mtoto wa mbweha akameza.