Mji Usiojua Kusifiwa

Attracta Gildea alisimama mbele ya watu waliojaa ukumbi wa parokia ya Rosscarrow, akavaa miwani, akafungua kitabu cha watalii cha kaunti ya Donegal, akasoma yote yaliyoandikwa humo kuhusu mji wao. Ilikuwa sentensi moja.

"'Rosscarrow: wenyeji wenyewe wanashauri uende Dunlarkin.'"

Kisha Packie Sweeney, mfugaji wa kondoo, akakohoa na kusema kwamba mwandishi hakuwasingizia. Ndivyo walivyosema.

"Nani alisema hivyo?"

"Mimi mmojawapo. Aliniuliza hapa kuna nini cha kuona, nikamwambia hakuna. Ulitaka nimwambie nini?"

"Packie, ulikuwa umesimama ukingoni mwa jabali. Nyuma yako kulikuwa na visiwa, jua, na pomboo wanaruka."

"Pomboo si wangu," alisema Packie.

Watu wengi wakaitikia kwa vichwa. Jibu hilo waliliona la busara.

Attracta akafunga kitabu. Jambo lenyewe walilijua, lakini alilirudia, kwa kuwa aliamini watu husikia vizuri wanapoogopeshwa. Basi la watalii lilisimama tu katika miji iliyosifiwa kitabuni. Tangu sentensi ile ichapishwe, basi lilikuwa likipita Rosscarrow bila hata kupunguza mwendo. Nyumba yake ya wageni ilikaa tupu majira yote ya joto. Sasa kitabu kilikuwa kinaandikwa upya, na mwandishi mpya angefika Alhamisi. Kama Rosscarrow ingekosa sifa tena, angeuza nyumba na kuhamia Letterkenny kwa dada yake Concepta, mwanamke anayepiga pasi vitambaa vya kukaushia vyombo, na ambaye rimoti ya televisheni yake bado imo ndani ya mfuko wa plastiki. Concepta alikuwa ameshatandika kitanda.

"Kwa hiyo," alisema Attracta, "leo tunajifunza kusifiwa."

Ugonjwa wa Rosscarrow ulikuwa unajulikana, ingawa wenyewe hawakuuita ugonjwa. Mtu akisifiwa, sharti aiponde papo hapo ile sifa mpaka isibaki kitu. Gauni jipya ni tambara la sokoni. Mtoto aliyeongoza darasani amebahatisha. Mtu anayejibu "asante" na kuishia hapo huhesabiwa kuwa ana homa, au amekaa mno Marekani.

"Nitamsifu mtu mmoja mmoja. Atajibu 'asante', kisha atafunga mdomo. Hughie, njoo mbele."

Hughie McGlinchey, mwenye baa, alijikokota hadi mbele kama anayekwenda kung'olewa jino.

"Hughie, sijawahi kunywa supu ya samaki tamu kama yako."

"Maji ya moto tu hayo," alisema Hughie. "Na samaki aliyekuwa amechoka."

"Sema asante."

"Asa..." Jasho lilimtoka kwenye paji la uso. "Asante. Ila viazi vilikuwa vya jana."

"Mwongo mkubwa wewe!" Grania Bonner, mfuma sweta, alipaza sauti kutoka nyuma. "Viazi unavichimba asubuhi ile ile. Nimekuona shambani na nguo za kulalia!"

"Vizuri, Grania, umejitokeza mwenyewe. Sweta hiyo uliyovaa ni nzuri ajabu. Umeifuma wewe?"

"Hii? Hii naogeshea mbwa."

"Huna mbwa, Grania."

"Ndiyo maana bado safi."

Walifanya mazoezi wiki nzima. Hughie alijifunza kusema "asante" akiwa ameshikilia kitu kizito. Packie aliweza, mradi asimtazame anayemsifu. Grania alishindwa, akashindwa tena, kisha usiku wa kuamkia Alhamisi akatangaza kwamba ameelewa siri yake: ni kujifanya mtu mwingine, ikiwezekana mtu wa Dublin.

Mwandishi aliitwa Lorcan Devereux, mtu mrefu wa Wexford aliyevaa koti la mvua siku ya jua, maana yake alikuwa na akili. Attracta alimpeleka kwanza kwa Hughie. Lorcan akanywa kijiko kimoja, akafumba macho.

"Bwana, supu hii ni hatari."

"Asante," alisema Hughie, ameng'ang'ania kaunta kwa mikono miwili.

Lorcan akangoja. Hata Wexford, neno hilo huwa na mkia. Mkia haukuja.

"Nasema kweli, ni tamu sana."

"Asante."

"Umejifunza wapi kupika?"

"Asante," alisema Hughie, ambaye alikuwa haelewi tena anachoulizwa.

Dukani kwa Grania, Lorcan alishika sweta moja, akaigeuza, akasema hajaona kazi safi kama ile katika kaunti nzima. Grania akanyanyua kidevu.

"Asante. Najua."

Attracta akaufunga mlango wa duka haraka nyuma yao. Juu jabalini, Packie alikuwa amewekwa tayari, amepigwa mswaki pamoja na kondoo wake. Pomboo nao walijitokeza, jambo ambalo hakuna aliyelipanga.

"Mandhari ya kushangaza hii, mzee," alisema Lorcan.

"Asante sana," alisema Packie, akitazama pembeni. "Karibu tena."

Attracta alirudi nyumbani akiamini wameshinda. Akamkalisha mgeni mezani, akatoa chai na mkate wa zabibu kavu. Lorcan akala, lakini hakusema kitu kuhusu mkate. Alikuwa akikoroga chai iliyokwisha kukorogeka zamani.

"Mama, mimi naandika ninachokiona," alisema mwishoni. "Mji wenu ni mzuri. Lakini siwezi kuwapeleka watu hapa."

"Kwa nini?"

"Watu wenu wanajisikia mno. Nimezunguka Ardara, nimezunguka Killybegs, sijaona majivuno ya namna hii. Yule dada wa sweta kaniambia anajua! Na yule mzee amepokea pongezi za bahari ya Atlantiki kana kwamba aliijaza yeye kwa ndoo."

Attracta alikiona kile kitanda cha Letterkenny, na shuka zake zilizonyooshwa kwa pasi pande zote mbili. Alifungua mdomo amweleze kuhusu mazoezi, akaona maelezo yangekuwa mabaya kuliko kosa. Badala yake akauliza, kwa uchungu tu, Dunlarkin walipata vipi kurasa tatu katika kitabu kilichopita.

"Hicho kichekesho," alisema Lorcan. "Mwenzangu aliyekiandika hakufika Dunlarkin kabisa. Gurudumu lilipasuka njiani. Kila sifa aliyoiandika aliisikia hapa hapa, kwenu."

Birika likabaki hewani mkononi mwa Attracta.

"Hakufika?"

"Hata lango la mji hakuliona."

Attracta hakuwa mtu wa kuamini hisia. Aliamini mpangilio wa mambo, na sasa mambo yalikuwa yamejipanga mbele yake. Katika kaunti hii, neno la mtu kuhusu mji wake mwenyewe halina kazi. Akiuponda, anaaminiwa. Akiusifu, anachukiwa. Neno pekee lenye thamani ni la mji jirani.

"Chukua koti lako," alisema. "Nakupeleka Dunlarkin."

"Sasa hivi?"

"Kabla ya mvua."

Hakuwa amekanyaga Dunlarkin tangu fainali ile ya mpira ambayo timu ya huko ilipewa goli ambalo Rosscarrow hawalitambui hadi leo. Alijifunga skafu kichwani, akavaa miwani myeusi, akaendesha gari kupita mlimani huku akiwapigia honi kondoo waliolala katikati ya barabara kama wenye nyumba. Lorcan alishika mkanda wa kiti kwa mikono miwili.

Mgahawa wa chai wa Dunlarkin ulikuwa wa mama mmoja mnene mwenye sauti ya kengele, Bernie Cannon. Mezani alikuwepo pia tarishi wa mji, kofia yake juu ya goti, barua za watu zikimngoja nje kwenye baiskeli. Bernie aliwawekea chai na pai ya matofaa. Lorcan akauliza Dunlarkin kuna nini cha kuona.

"Hapa?" Bernie alicheka. "Barabara ya kutokea."

"Nayo ina mashimo," alisema tarishi.

"Basi nyie mngekuwa wageni mngekwenda wapi?"

"Rosscarrow," walisema wote wawili kwa pamoja, kama waliokatwa kwa kisu kimoja.

Lorcan akatoa kalamu. Attracta akainamisha kichwa juu ya kikombe chake.

"Supu ya Hughie McGlinchey," alisema tarishi. "Binamu yangu aliinywa siku ya mazishi, akasahau nani amekufa."

"Sweta za Grania Bonner," alisema Bernie. "Ninayo moja. Mume wangu nimembadilisha, sweta bado ni ile ile. Halafu lile jabali! Na ukifika huko, usilale kwingine ila kwa Attracta Gildea. Vitanda vyake, Mungu wangu. Unalala kama umesamehewa."

Attracta aliyasikia maneno yakipanda kooni bila ruhusa yake: magodoro yale ni ya zamani, na moja lina springi iliyotokeza. Alikwisha kuvuta pumzi ya kuyasema. Akachukua kipande cha pai, akakisukumiza mdomoni chote.

"Na mkate wake," aliendelea Bernie. "Nasikia pwani yote hii hakuna mwenye mkono kama wake."

Mkavu, ulitaka kusema ulimi wa Attracta, na wiki iliyopita haukuumuka. Akaongeza kipande cha pili juu ya cha kwanza. Mashavu yakamjaa. Lorcan alimtazama, akatazama ile skafu, akatazama miwani myeusi ndani ya chumba chenye giza. Pembe moja ya mdomo wake ikapanda.

"Samahani, mama," alimwambia Bernie pole pole. "Hapo kwenye mkate. Hebu rudia, niandike vizuri."

Bernie akarudia, akiongeza chumvi. Akasema pia kwamba huyo Attracta, kwa habari alizozipata, ni mwanamke mzuri wa sura, na nadhifu, na hana makuu hata kidogo. Kitu kama mluzi kilitoka puani mwa Attracta. Tarishi akaanza kumpiga mgongoni.

"Mama, umepaliwa?"

Attracta akatikisa kichwa, machozi yakimtiririka chini ya miwani, akitafuna.

"Mwache," alisema Lorcan. "Anasikiliza." Akageuza ukurasa, akaandika, akageuza mwingine. Kisha akainama upande wa Attracta na kusema kwa sauti ya chini, "Kurasa nne. Rosscarrow imeingia."

Bernie aliitazama sahani.

"Jamani, pai yangu imekupendeza hivyo?"

Attracta alimeza kwa shida.

"Tamu sana," alisema.

"Nenda zako! Imeungua chini, na matofaa hayakuiva."

Yote mawili yalikuwa kweli. Hata hivyo Attracta alisukuma sahani mbele aongezewe, kwa sababu tarishi alikuwa ameshaanza kuzungumzia waridi za bustani ya Attracta Gildea.