Mikono Minne Kwenye Kioo

Runinga ilikuwa na siku tisa tu tangu itolewe kwenye boksi, na Virginia alikuwa ameshaichoka kama mgeni aliyekuja kwa wikendi akakaa mwezi. Kioo kilikuwa kikubwa, inchi thelathini na mbili, bapa kama sinia, na kilipendeza sana kikiwa kimezimwa. Shida ilikuwa kukiwasha. Kila mtu aliyetokea pale alitokea na pacha wake, kivuli cheupe kilichosimama nyuma ya bega lake, na juu ya wote wawili chenga zikinyesha. Msomaji wa habari alikuwa na pua mbili. Mchezaji alipiga mipira miwili kwa mpigo, na yote miwili ikakosa goli.

Ingekuwa ni ya kwake mwenyewe, angevumilia. Virginia alikuwa mjane wa miaka hamsini na minne, karani mkuu katika ofisi ya mawakili mjini, na kwake runinga ilikuwa kitu cha kupigia pasi mbele yake. Hii aliinunua kwa ajili ya kaka yake. Jamleck alikuwa kiziwi tangu homa ilipomshika akiwa na miaka sita. Sasa alikuwa na hamsini na saba, fundi cherehani, na tangu mkewe afariki alikuwa akiishi kwa dada yake hapa Kileleshwa, ghorofa ya tatu, cherehani yake ikiwa kando ya dirisha la sebule.

Jamleck alijifunza lugha ya ishara katika shule ya bweni ya viziwi. Virginia hakujifunza. Alikuwa na shule yake, kisha kazi yake, kisha watoto wake, na sababu haziishi mtu akizitafuta. Walibaki na ishara zao za utotoni, kama thelathini hivi, za chakula, za mvua na za kukosana. Kwa hiyo kila habari zilipokwisha, Jamleck alimgeukia dada yake na kuinua kidevu kuuliza, naye Virginia alimpa nchi nzima kwa ishara tatu: mtu amekufa, mvua inakuja, unga umepanda. Jamleck aliinamisha kichwa kushukuru. Alikuwa ameshukuru hivyo kwa zaidi ya miaka arobaini.

Basi mwezi huo kituo kimoja kikatangaza kwamba habari za saa saba mchana, kila Jumapili, zitakuwa na mkalimani wa lugha ya ishara ndani ya kijisanduku pembeni mwa kioo. Jamleck alilisoma tangazo gazetini, akalikata kwa mkasi wake wa nguo, akalibandika kwenye cherehani. Kwenye runinga yao ya zamani, ile yenye mgongo, kijisanduku hicho kingekuwa na ukubwa wa stempu. Virginia hakuomba ushauri wa mtu. Alikwenda Luthuli Avenue Ijumaa baada ya kazi na kurudi kwa teksi, boksi likiwa limemlalia magotini.

Jumapili ya kwanza Jamleck alivaa koti. Saa sita na nusu alikuwa ameshaketi wima mbele ya kioo kama mtu aliyeitwa kwa mahojiano ya kazi. Mkalimani alipotokea, alikuwa na mikono minne. Miwili ilisema neno, miwili mingine ikalisema tena juu yake kwa kuchelewa kidogo, na vidole vikachanganyikana usijue kipi ni cha nani. Jamleck alisogea hadi pua ikakaribia kioo. Kisha alisimama, akavua koti, akalitundika, na kurudi kwenye cherehani. Alipompita dada yake aliinamisha kichwa vilevile, kushukuru, na hilo lilimuuma Virginia kuliko ambavyo hasira ingemuuma.

Hakuwa mtu wa kukaa na shida. Jumatatu asubuhi alimpigia simu Athman, fundi wa dukani aliyemuuzia, mtu wa Lamu mwenye maneno ya upole.

"Ni mwangaza, mama," alisema Athman. "Hizi bapa hazipatani na jua. Funga mapazia uone."

Virginia alinunua mapazia mazito, ya rangi ya damu ya mzee, akayafunga. Jamleck akayafungua. Virginia akayafunga tena. Wiki nzima ikaenda hivyo, dada anafunga, kaka anafungua na kunyoosha mkono nje, dada anampungia wake kumwambia jua, jua, kisha anavuta. Zaidi ya hayo, Jamleck alikuwa na tabia ya kuchafua fremu ya dirisha kwa chaki yake ya kushonea, vijistari vya buluu ambavyo Virginia alikuwa akivipangusa kila Jumamosi kwa miezi sasa, na ambavyo kesho yake vilirudi. Alimhesabia kuwa ni uzee, akaendelea kupangusa.

Picha haikupona. Alhamisi aliirudisha runinga dukani kwa teksi nyingine, tayari kwa vita. Athman aliichomeka kwenye antena ya jengo lao, na picha ikatoka safi hadi ungehesabu kope za mtu. Wateja wawili wakasifu. Virginia alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Mama, mgonjwa hayuko hapa," alisema Athman. "Mgonjwa yuko nyumbani kwako. Jumapili n'takuja mwenyewe."

Alikuja saa nne na nusu akiwa na mkoba na bonge la waya begani. Alikagua antena ya barazani, akaielekeza huku na kule. Alibadilisha waya. Alileta busta ya kuongeza nguvu, na chenga zikapungua, lakini pacha akanenepa. Aliingia kwenye mipangilio ya runinga, akaanza kutafuta stesheni upya, akagusagusa mfumo wa picha na mfumo wa sauti, na kwa kuwa kelele ilimsumbua, akaikata sauti kabisa. Mwishowe alikaa sakafuni.

"Antena nzima," alisema. "Waya mzima. Busta nzima. Mimi pia mzima, alhamdulillahi. Sasa nani anaumwa?"

Saa ya ukutani ilionyesha saa tano na nusu. Jamleck, aliyekuwa akiwatazama muda wote huo kutoka kwenye kiti chake, aliinuka kwa mara ya nne asubuhi hiyo na kufungua pazia. Virginia akaruka.

"Jamleck, wacha hiyo kitu," alisema kwa nguvu, kana kwamba nguvu ya sauti ingesaidia.

"Mama, mwache kwanza," alisema Athman. "Anatwambia nini?"

"Hakuna. Anapenda tu kufungua."

"Mtu hafungui pazia moja mara nne kwa kupenda. Umemuuliza?"

Virginia alilishika pazia, akaliachia. Hakuwa amemuuliza. Wiki nzima alikuwa amewauliza fundi, jirani, muuza mapazia na dereva wa teksi.

Jamleck alimketisha Athman kwenye kiti cha cherehani na kumziba jicho moja kwa kiganja. Kisha akamwonyesha fremu. Vile vijistari vya buluu vilipanda kimoja juu ya kingine, na ukikaa pale alipokaa Jamleck kila siku akishona, kila kijistari kililingana na ghorofa moja ya jengo jipya lililokuwa likiinuka ng'ambo ya barabara. Fundi cherehani alikuwa akilipima jengo kama anavyompima mteja. Kando ya kijistari cha tano alichora uso mdogo wenye kivuli chembamba. Kando ya cha sita, kivuli kilikuwa kimenenepa. Kando ya cha saba na cha mwisho, palikuwa na nyuso mbili kamili zilizojaa vitone.

Athman alicheka polepole, kicheko cha mtu aliyeshindwa na akafurahi. "Mlingoti wa kurushia matangazo uko kule Ngong, mama. Mawimbi yalikuwa yakija hapa bila kupingwa. Sasa jengo limeingia katikati. Mengine linayala, mengine yanakwenda kugonga kwingine ndiyo yaje, yamechelewa. Pacha wetu ni huyo. Hata kwenye runinga yako ya zamani alikuwemo, ila kioo kilikuwa kidogo hamkumwona. Kaka yako alimwona." Akaifunga busta mkobani. "Fundi unaye ndani ya nyumba, wanipigia mimi simu."

Virginia alikumbuka kitambaa chake cha kila Jumamosi. Aliona haya hadi masikio yakamwaka, na hakujua ishara ya kusema hivyo. Katika zile thelathini zao, haikuwemo.

"Dawa ni moja," alisema Athman. "Antena ipande juu ya jengo lile, tuvute waya mpaka hapa."

"Popote isipokuwa pale."

Alikuwa na sababu. Jengo lilipoanza kunyanyuka, Virginia ndiye aliyeandika barua ya kulipinga, kwa ajili ya vumbi, kelele na jua lililoibiwa. Alikusanya sahihi kumi na saba, ya kwanza yake, akaipeleka mwenyewe hadi ofisi za jiji. Tangu hapo, akipita langoni pa mjengo ule, alitazama mbele kama askari wa gwaride. Lakini saa ilikuwa inakwenda, na Jamleck alikuwa ameshaanza kuvaa koti. Virginia akapiga moyo konde, wakavuka barabara wote watatu.

Msimamizi wa mjengo aliitwa Nzomo, naye alilala palepale kwenye chumba cha mabati. Alitoka akiwa na kandambili, akamtambua Virginia kabla hajasalimiwa.

"Wewe ndio wa ile barua," alisema. "Madam, ulisimamisha hii kazi wiki sita. Watu yangu walienda nyumbani bila kitu."

Virginia alikuwa na majibu mengi ya jambo hilo, yote ya kisheria. Hakutoa hata moja. Wiki sita hizo alikuwa amezisherehekea kwa keki ofisini. "Sikujua kuhusu watu wako, Bwana Nzomo," alisema. "Ningejua, ningekuja kwanza tuongee. Pole. Leo nimekuja kuomba, na ukikataa nitaelewa."

Wakati huo Jamleck alitokea nyuma ya Athman. Msimamizi alimkazia macho, kisha akainua ngumi juu na kuizungusha mara mbili. Jamleck naye akainua yake na kuizungusha.

"Mzee wa dirisha," alisema Nzomo, na uso wake wote ukabadilika. "Tulidhani ameenda. Pazia imefungwa wiki mzima."

Mambo yakatoka. Juu kule, winchi ya kupandishia mizigo ikinguruma, hakuna anayemsikia mwenzake, kwa hiyo wajenzi huongea kwa mikono: pandisha, shusha, simama. Jamleck alijifunza zote kutoka dirishani, na kila saa ya chai walisalimiana naye. Na mwezi wa tatu ni yeye aliyewapigia ishara ya simama, simama, bila kukoma, mpaka wakasimamisha winchi na kukuta kamba imeanza kukatika upande ambao wao hawakuuona.

"Na huyu ni ndugu yako?" Nzomo alimuuliza Virginia. "Hakukuambia?"

Virginia aliangalia chini. "Labda aliniambia," alisema.

Saa saba kasoro kumi, Athman na Nzomo walikuwa kwenye ghorofa ya saba wakiikaza antena kwenye nondo, waya ukishuka na kuvuka barabara hadi barazani. Virginia alishika simu kwa ajili ya kuwaelekeza, lakini upepo wa huko juu ulimeza kila neno. Jamleck alimwondoa njiani taratibu. Alisimama kati ya kioo na dirisha, akitazama huku na kule, mkono wake ukisema: kushoto, kushoto kidogo, rudi, simama. Nzomo kule juu alitii kila kidole. Na pacha akaanza kukonda. Aliingia ndani ya mwenyewe, chenga zikakoma, na msomaji wa habari akabaki na pua moja ya heshima.

Kijisanduku kikafunguka pembeni. Ndani yake alikuwa mwanamke mwenye blauzi nyeusi, na alikuwa na mikono miwili tu.

Jamleck aliketi. Virginia akachukua rimoti kurudisha sauti, na kilichotoka ni mvumo mtupu, kama mafuta yanayokaanga. Athman aliugusa mfumo wa sauti asubuhi, akasahau kuurudisha. Virginia alibonyeza huku na huko. Midomo ya msomaji ilikwenda, picha za mto uliofurika zikapita, za watu waliosimama ukingoni, na yeye hakujua ni mto gani wala kumetokea nini. Alichukua simu ampigie Athman, kisha akaiweka. Alimgeukia kaka yake. Bila kufikiri, akainua kidevu.

Jamleck alimtazama. Halafu akasogeza kiti ili aione mikono ya yule mwanamke na pia uso wa dada yake, na akaanza. Alikwenda polepole, akichukua zile ishara zao za utotoni na kuziunganisha na nyingine mpya, na Virginia alipopotea alirudia. Mto. Daraja limechukuliwa. Watoto wa shule wamebaki ng'ambo. Hakuna aliyekufa. Mwalimu mmoja amekaa nao, amewapikia. Kesho daraja jingine. Zilikuwa nyingi kuliko tatu, na Jamleck hakuruka hata moja.

Athman aliingia akipangusa vumbi la saruji, akasikia ule mvumo, akajipiga kipaji cha uso. "Lo, sauti, mama. Kosa langu. Lete rimoti, ni sekunde moja."

Virginia aliinua kiganja kama walivyofanya wajenzi, simama, bila kuondoa macho kwenye mikono ya kaka yake.

"Ngoja kidogo," alisema. "Bado ananisomea habari."

Athman aliketi kwenye kiti cha cherehani, akangoja.