Kikopo Mfukoni mwa Koti

Kifua hiki kilianza kunisumbua mvua za masika haya, na mimi, kama wenzangu wote wa huku mlimani, nikawa nakimbilia duka la dawa. Nameza vidonge vya rangi mbili, napoa kidogo, kinarudi. Basi daktari Naftali, kijana mpole tu, ana zahanati yake kule Daraja Mbili, akaniambia mzee, hizo dawa zinaua wabaya na wema pamoja. Eti tumboni mna vijidudu wema. Ukila maharage, ndizi, mboga, wao wanapika vitu fulani humo ndani, vinaingia kwenye damu vinafika mpaka mapafuni, vinawatia nguvu askari wa mwili wanaolinda kule. Nikamuuliza, tumbo na kifua wamejuania wapi? Akacheka, akasema hata wao bado wanachunguza. Mimi nilimwelewa. Ng'ombe naye, tumbo likiharibika, hata manyoya yanasimama.

Shida ikawa kikopo. Alitaka choo changu, aone tumbo limebakiwa na nini kabla hajanipa dawa nyingine. Nikaleta asubuhi, kimefungwa gazeti, kiko mfukoni mwa koti. Nafika dirisha la maabara, namkuta Naisula. Naisula ni mke wa mwanangu Lemburis. Nilijua ana kazi mjini, sikujua ni hapa. Sasa sisi Waarusha, mkamwana unampisha njia. Hata msalani akikuona unaingia ni aibu, sembuse umkabidhi kikopo hicho.

Nikasema nimekuja kusalimia tu.

"Shikamoo baba. Unasalimia maabara?"

Nikaitikia marahaba nikageuka. Getini kikohozi kikanikamata, nikashika nguzo, pumzi haiingii wala haitoki. Watu wananitazama, na mimi jasho linanitoka kwa ajili ya koti, si kifua. Nikaona kabisa nitakufa hapa, wanivue koti, wakikute.

Pumzi ndiyo inaanza kurudi, Naisula akatoka mbio. Akanipita, akasimama mbele amenipa mgongo, mkono wenye glavu ameurudisha nyuma.

"Baba, mimi sikuoni. Weka tu mkononi."

"Kina jina langu. Usilisome."

"Sisomi, baba. Ni la mgonjwa."

Nikaweka. Kilikuwa bado na joto, hilo ndilo lililonimaliza. Akaenda nacho bila kugeuka, na mimi nikabaki natazama viatu vyangu mpaka niliposikia mlango umefungwa.