Kijiko cha Jirani

Siku ya jaribio la mapishi mwalimu aliwatenganisha marafiki wote, na Mdogo akajikuta kwenye meza ya dirishani, peke yake, mbali na Pacha.

Walimwita Mdogo kwa sababu ya kimo. Aproni ya shule ilimfika karibu na vifundo vya miguu. Pacha hakuwa pacha wake wa kuzaliwa. Waliandamana tu tangu siku ya kwanza shuleni, mpaka watu wakachoka kuwataja mmoja mmoja.

Na ni Pacha peke yake aliyejua. Tangu ile homa iliyomlaza Mdogo wakati wa likizo, ulimi wake ulikuwa kama kipande cha kitambaa. Asali, limau, chumvi, vyote vilipita mdomoni kama maji, na pua nayo haikumwambia kitu. Kwa hiyo kila kipindi cha mapishi Pacha alimwonjea, kisha akamkanyaga mguu chini ya meza. Mara moja, ongeza. Mara mbili, basi, acha. Mbele ya mwalimu Mdogo naye alichota, akafumba macho kidogo, akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyezeekea jikoni.

Leo mguu wa Pacha ulikuwa upande wa pili wa darasa.

"Mchuzi wa viazi na karoti, na wali," alisema mwalimu. Alikuwa mama mnene, asiye na haraka, mwenye kijiko mfukoni daima. Akigeuka tu, wanafunzi humwita Mama Kijiko. "Nitapita kuonja. Watakaofanya vizuri ndio nitakaoendelea nao mwakani. Wengine mtakwenda kuchora au kuranda mbao, na huko nako watu wanaishi."

Darasa likacheka. Mdogo hakucheka. Tangu enzi za kusimama juu ya kigoda akoroge sufuria ya mama yake, hakuwahi kutaka kazi nyingine.

Alianza vizuri. Kitunguu alikisikiliza. Kikiingia kwenye mafuta hupiga kelele, kisha sauti hushuka, na kinapobaki kunong'ona ndipo nyanya huingia. Masikio yake hayakuguswa na homa. Viazi akavichoma kwa uma. Chumvi alikwisha kuipangia: kijiko cha chai kilichosawazishwa kwa kisu, asizidishe hata punje.

"Wewe Mdogo," akaita kijana wa meza ya jirani, ambaye kwa kupenda kuwapangia wenzake kazi aliitwa Meneja. "Lete hilo kopo la chumvi, au mmefunga ndoa?"

Akampa. Papo hapo mfuniko wa sufuria ya Meneja ukaanguka sakafuni kwa kishindo, kila mtu akageuka. Mdogo aliporudisha macho kwenye sufuria yake, alikuwa ameshika kijiko cha chai kisicho na kitu.

Nimetia, au sijatia?

Akakitazama kijiko. Kisafi. Lakini yeye hufuta kila kijiko kwa aproni bila kujijua. Mwingine yeyote angechovya, akalamba, yakaisha. Naye alilamba, kwa kujidanganya tu. Maji ya moto. Akamtafuta Pacha kwa macho. Maskini Pacha alikuwa ameinamia wali wake, jasho linamtiririka. Mdogo akitia, kumbe alishatia, mchuzi hauliki. Asipotia, kumbe hakutia, ndiyo mbao hizo.

Mwalimu alikuwa ameshaanza kusogea na kijiko chake, meza baada ya meza.

"Mwalimu," alisema Mdogo. "Naomba unionjee. Sikumbuki kama nimetia chumvi, na mimi... siwezi kuonja."

Mwalimu akasogea hadi kwenye meza yake.

"Sisikii ladha. Wala harufu."

"Mpishi asiyeonja?" Meneja akadakia. "Hebu nitafutie na kinyozi anayenyoa amefumba macho." Mmoja wawili wakacheka.

Mwalimu akakirudisha kijiko chake mfukoni, akapiga makofi. "Nisikilizeni. Kuna jambo nilisahau kuwaambia. Kabla sijapita, kila mmoja amwonjeshe jirani yake, kisha amsikilize. Ukishinda na moshi, ulimi unakudanganya, na wangu pia. Meneja, tuanzie kwako. Mwonjee Mdogo."

Meneja akachovya. Akauzungusha ule mchuzi mdomoni, kisha akameza.

"Chumvi hamna," alisema, bila mzaha sasa. "Ila ni chumvi tu. Vingine vyote vipo."

Mdogo akasawazisha kijiko, akatia. Kisha akasema, "Wali wako unaanza kushika chini. Unasikika."

Meneja akatega sikio. "Mimi sisikii kitu." Lakini alipunguza moto.

Wakati wa kuosha vyombo, mwalimu akaja kusimama kando ya Mdogo na kitambaa cha kukaushia.

"Mama yako anajua?"

Mdogo akatikisa kichwa. "Kila siku ananiuliza chakula kikoje. Namwambia kitamu."

"Leo mwambie kweli, akupeleke kwa daktari. Ukishindwa kusema, nitakuja tuseme pamoja."

"Na mwakani, Mwalimu?"

Mwalimu alimaliza kwanza kukausha sahani. "Mwakani mtakaa meza moja na Pacha wako, na atakuonjea waziwazi. Ila aache kukukanyaga. Kila siku ya mapishi unatoka humu na alama ya soli juu ya kiatu. Nilikuwa nangoja useme."

Mdogo akainama kukitazama kiatu chake. Leo kilikuwa kisafi.