Masta Silinda ya Mama

Mimi na vyuma hatujuani kabisa. Ndiyo maana nilisimama kwenye kaunta ya duka la spea na masta silinda mbili mkononi, nikaziona sawa. Masta silinda ni kile kichuma kinachosukuma mafuta ya breki ukikanyaga. Muuzaji akasema tundu la moja lina upana wa milimita kumi na tisa, la nyingine ishirini na mbili. "Yaani milimita tatu tu ndizo zinipotezee asubuhi?" nikasema.

"Dada, kwenye breki hakuna cha 'tu'," akanijibu.

Gari ni la marehemu baba, kongwe kuliko mimi, na mama anataka kuliendesha. Mara ya mwisho, miaka kumi na minane iliyopita, alikanyaga breki kwa nguvu zake zote na bado tukaingia kwenye ukuta wa jirani, mimi nimekaa nyuma. Baba akasema huyu hana mguu wa gari. Mama akakubali, akawa mtu wa kuomba lifti. Sasa amekata shauri. Nikikosea hapa nitamzika na yeye.

Nikampigia fundi wetu, tunayemwita Taratibu. "Chukua kama ya zamani," akasema. "Mzee hakuwa mjinga."

Ya zamani nilikuwa nayo kwenye mfuko: ishirini na mbili. Kitabu cha gari kinasema kumi na tisa. Nimwamini nani? "Mimi ningebeba kubwa," nikamwambia muuzaji. "Si ndiyo yenye nguvu?"

"Hapo ndipo mnapoingia mkenge," muuzaji akasema. Kubwa inataka mguu mzito. Ndogo inatosheka na mguu mwepesi, ila pedali inashuka zaidi. Nikamwomba arudie. Nikaelewa nusu, nikapotea tena.

"Nani ataendesha?"

"Mama. Kilo hamsini, akiwa ameshiba."

"Na hii kubwa ya zamani aliifunga nani?"

"Baba. Alikuwa mpakia mizigo."

"Lini?"

Hapo nikakumbuka. Ilikuwa wiki moja kabla ya ule ukuta. Alijisifu mezani kwamba ametia kubwa kuliko ya kiwandani. Nikalipia ndogo.

Taratibu aliifunga huku ananuna kwa kuwa sikumsikiliza, akatoa hewa kwenye mabomba ya breki. Mama akazunguka uani, akakanyaga, gari likasimama. Akarudia. Likasimama.

"Mmebadilisha nini?"

Taratibu alishalijaribu mwenyewe, na kununa kukamwishia. "Ile ilitaka mguu wa mzee, mama. Yeyote mwembamba angegonga."

Mama hakuinua mguu kwenye pedali. "Miaka kumi na minane najiona mzembe," akasema. Kisha akanigeukia. "Baba yako alijua?"

Baba alikanyaga breki ya gari lile kila siku. Ugumu wa pedali aliujua kuliko sisi sote. Au aliuona wa kawaida, kwa mguu wake. Sijui, wallahi sijui.

"Hakujua, mama."

"Hata wewe ulikuwa nyuma siku ile, ukaona nilivyokanyaga," akasema, "na hukunitetea."